Droni Ikikutana na Chopa Angani, Nani Anampisha Mwenzake?



Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za majimbo na uteuzi. Nataka tuongelee droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoziita. Kuna swali moja ambalo serikali haijalijibu vizuri na sisi wenyewe tumelikwepa: droni ikikutana angani na ndege yenye watu ndani, nani anampisha mwenzake, na atajuaje kwamba mwenzake yupo?

Msimamo wangu nautoa mapema. Ndege yenye mtu ndani inapishwa siku zote, bila mjadala. Lakini ili droni ipishe, lazima mwendeshaji wake ajulikane, afikike kwa simu, na apewe taarifa kwamba leo saa fulani kuna ndege inapita. Ukiufanya utaratibu wa kibali kuwa mlima, hupunguzi droni angani. Unapunguza zile unazozijua tu, na zile usizozijua ndizo zinazoua.

Anga la Manyara lina watu

Kuna wanaosema Babati hakuna ndege, kwa hiyo hii ni shida ya Dar. Ni kweli hapa mjini hatuna ndege za abiria za ratiba. Ukitaka kuruka unapanda basi kwanza hadi Arusha au KIA. Lakini hebu tuhesabu.

Kaskazini yetu ipo Tarangire. Ndege ndogo za watalii zinatua kiwanja cha Kuro ndani ya hifadhi, na alfajiri maputo ya hewa moto yanaelea juu ya mbuga. Upande wa Mbulu ipo Hospitali ya Haydom, yenye kiwanja chake ambapo ndege za misheni hutua na madaktari na wagonjwa. Simanjiro na Kiteto kuna viwanja vya vumbi ambavyo mama mwenye uzazi pingamizi anaokolewa kwa ndege ya injini moja.

Halafu wapo kwelea kwelea. Wakivamia mpunga, kama wakulima wa Magugu wanavyojua, ndege ya kunyunyizia sumu inaitwa. Ndege hiyo hairuki juu. Inapita mita chache tu juu ya malalo ya ndege hao, inapanda ghafla, inageuka, inarudi. Na inafanya kazi hiyo jioni, jua likizama, kwa sababu ndipo kwelea wanarudi kulala. Sasa wapiga picha wenzangu, niambieni: ni saa ngapi sote tunapenda kurusha droni ili mwanga uwe mzuri? Saa hiyo hiyo.

Nzige wa jangwani walipoingia kanda hii mwanzoni mwa 2021, ndege za kunyunyizia ziliitwa tena. Na hifadhini zipo helikopta za doria. Januari 2016 Roger Gower, rubani Mwingereza, alipigwa risasi na majangili akiwa ndani ya helikopta huko Maswa, akafariki. Risasi ya bunduki ilimfikia kutoka ardhini. Hao marubani ndivyo wanavyoruka: chini.

Mita za nani?

Kanuni zilizozoeleka karibu dunia nzima ni hizi. Droni ibaki chini ya futi 400, yaani mita 120 kutoka ardhini. Ndege ya kawaida, ikiwa maeneo ya wazi, ibaki juu ya futi 500, yaani mita 150. Katikati inabaki nafasi ya mita 30. Kwenye karatasi inapendeza.

Ila ndege inayonyunyizia, inayookoa, inayofanya doria, inayotua au kupaa, hizo zote zinaruhusiwa kushuka chini ya hapo. Ndizo hizo hizo nilizozihesabu hapo juu. Kwa hiyo kwa mkoa wetu ile nafasi ya mita 30 haitulindi sana.

Shida ya pili wengi hawaijui, hata wenye droni. Namba ya kimo unayoiona kwenye simu, kwa droni nyingi tunazotumia, inahesabiwa kutoka pale uliporushia. Ukisimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa pale Dareda, ukairusha mita 80 na kuipeleka mbele, simu itaendelea kukuandikia 80 huku ardhi ya chini imeshaanguka mamia ya mita. Unadhani umetii kanuni, kumbe uko kwenye kimo cha ndege. Ukirusha kutoka mteremko wa Mlima Kwaraa kuelekea mjini, hali ni ile ile.

Rubani naye anahesabu kwa namna nyingine: kutoka usawa wa bahari. Babati iko takriban mita 1,350 juu ya bahari. Rubani akisema yuko futi 5,000, masikioni inasikika mbali sana, lakini juu ya mapaa yetu hiyo haifiki hata mita 200. Watu wawili wanatumia anga moja na kila mmoja ana rula yake.

Tatu, macho. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 200 kwa saa inakata mita 55 kila sekunde. Tuseme rubani ana macho mazuri na ameiona droni ikiwa mita 300 mbele yake. Amebakiwa na sekunde tano na nusu za kutambua ni kitu gani, kuamua, na kugeuza ndege. Na hapo tumemfanyia upendeleo, maana droni yenye upana wa sahani ya ugali haionekani kirahisi kwenye mawingu au jua la jioni.

Yameshatokea

Oktoba 2017 ndege ndogo ya abiria iliyokuwa inakaribia kutua Quebec, Kanada, iligongana na droni ikiwa futi 1,500. Ilitua salama. Mwezi mmoja kabla, Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani iliigonga droni karibu na Staten Island, New York. Mwendeshaji wa droni ile alikuwa umbali wa kama kilomita nne, haioni, anatazama kioo tu. Hakujua hata kama ilikuwa imegongana na kitu mpaka wachunguzi walipompata.

Januari 2025, Los Angeles ikiwa inaungua, ndege ya kumwaga maji ya zimamoto iligongwa na droni ya mtu aliyekwenda kutazama moto. Bawa likatoboka, ndege ikatolewa kazini wakati nyumba za watu zinateketea. Hakuna aliyekufa kwenye mgongano wenyewe, lakini fikiria siku kama ile kwetu.

Kwetu siku kama ile tunayo. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Katesh ni jirani zetu hapa. Kwenye janga la namna hiyo kila mwenye droni anataka kwenda kupiga picha, na picha za juu kweli zina msaada: zinaonyesha barabara ipi imekatika na nyumba zipi zimefukiwa. Lakini helikopta ya uokoaji ikihitaji kushuka pale pale, nani amewaambia wenye droni washushe? Kwa namba gani? Yupo mtu mmoja anayelisimamia anga siku hiyo?

Na msidhani redio peke yake inatosha. Machi 2024, jijini Nairobi, ndege ya abiria ya Safarilink na ndege ndogo ya shule ya urubani ziligongana muda mfupi baada ya ile kubwa kupaa kutoka Wilson. Wawili waliokuwa kwenye ile ndogo walikufa. Hizo zilikuwa na marubani wenye leseni, wenye redio, karibu na uwanja wenye mnara. Sasa ongeza kwenye anga kama hilo kitu kisicho na redio wala rubani ndani.

Kufungia siyo jibu

Najua kuna wakubwa wakisoma hapa watasema: basi tuzifungie. Hapana. Ninarusha droni kwa kazi, na najua inachoweza.

Katikati ya miaka ya 2010 askari wa wanyamapori walifundishwa kutumia droni ndogo kuwafukuza tembo mashambani, pembezoni mwa Tarangire na Serengeti. Tembo wanaukimbia ule mlio. Wengi wanaamini anausikia kama nyuki. Kwa mkulima wa Mwada au Minjingu, ambaye usiku mmoja wa tembo ni mahindi ya mwaka mzima, hiyo ni tofauti ya kula na kulala njaa. Zanzibar kuanzia 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni kuchora ramani ya Unguja na Pemba. Mwaka 2018, kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, droni ya majaribio ilibeba dawa umbali wa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40.

Kuna na la kuuma. Agosti 2017 ilitangazwa kwamba Tanzania itakuwa na mtandao wa droni za kupeleka damu na dawa kwenye vituo vya afya zaidi ya 1,000, ukianzia Dodoma mapema 2018. Mwaka 2018 ukapita bila mtandao huo kuanza. Rwanda walikuwa wameshaanza tangu Oktoba 2016, Ghana wakafuata 2019. Kule Rwanda droni za damu zinatumia anga moja na ndege za kawaida, kwa njia zilizochorwa na kukubaliwa mapema, na waongoza ndege wanajua ziko wapi. Malawi nao mwaka 2017 walitenga anga la Kasungu, eneo la nusu kipenyo cha kilomita 40 na kimo cha hadi mita 400, ili droni zijaribiwe humo kwa utaratibu unaojulikana. Malawi hawana utajiri kutuzidi. Walikaa wakaamua.

Kibali na mwenye kibali

Sisi tuna kanuni za 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni isajiliwe, mwendeshaji apate kibali, na Wizara ya Ulinzi nayo itoe ruhusa yake. Kuwa na kanuni ni jambo jema na silipingi. Ninachopinga ni kumpimia kijana wa Babati anayepiga harusi ya Jumamosi kwa kipimo kile kile cha kampuni inayotaka kupima bomba la mafuta.

Mteja anakupigia Jumatano, harusi Jumamosi, malipo laki mbili. Kama njia halali haiwezi kumaliza ndani ya siku hizo, kijana anafanya hesabu yake ya tumbo, anarusha kimya. Kuanzia hapo ameshakuwa mzimu angani. Akisikia mlio wa ndege hana pa kupiga simu, maana akipiga anajichoma. Ndege ya kunyunyizia ikiwa inakuja, hakuna wa kumwarifu, maana hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Tuliyaona haya kwenye bodaboda. Ziliingia kabla sheria haijajipanga, tukazifukuza, tukazikamata, na bado hospitali zikajaa waliovunjika miguu. Nafuu ilianza kuonekana pale zilipopewa vituo, viongozi na namba. Dereva mwenye kituo anafikika. Yule wa kuvizia hafikiki.

Kuna hoja ya usalama wa taifa, na siidharau. Tunaona Sudan droni zinavyoua watu. Lakini mwenye nia ya kuua haendi kuomba kibali. Foleni ndefu inamzuia mwaminifu peke yake, na inamwachia askari kazi ngumu zaidi: angani kuna droni kumi zisizojulikana na hajui ipi ni ya harusi na ipi ni ya adui. Ukizisajili zile tisa kirahisi, ya kumi inaonekana yenyewe.

Tunachodai

Kwanza, ramani ya wazi ya anga la chini, kwa Kiswahili, kwenye simu. Nyekundu usiruke: viwanja vya ndege, hifadhi, kambi za jeshi, na eneo la kunyunyizia kwa siku hizo. Njano omba. Kijani ruka chini ya kimo kilichotajwa. Na kimo kihesabiwe kutoka ardhini chini ya droni, milima yetu ikizingatiwa.

Pili, kibali cha kazi ndogo kwa simu, kwa namba ya NIDA na namba ya malipo kama tunavyolipia huduma nyingine za serikali, na jibu ndani ya muda uliotajwa kisheria. Wakikataa, waandike sababu. Marekani wanatoa vibali vya kuruka karibu na viwanja vya ndege kwa mfumo wa kompyuta, ndani ya sekunde kwa maombi ya kawaida. Hatudai sekunde. Saa 48 zinatosha.

Tatu, taarifa ziende pande zote mbili. Ndege ya kwelea ikipangwa Magugu jioni, ujumbe mfupi uwafikie waliosajiliwa wilaya nzima. Na rubani akitaka kujua kama kuna droni njiani, ajue pa kuuliza.

Nne, droni itangaze namba yake angani ili ndege na waongoza ndege waione. Hapa makamanda wengi mtashtuka, na mna haki. Kifaa kile kile kinachomwambia rubani kwamba upo kinaweza kumwambia mwingine ni nani anayepiga picha ya mkutano wetu na amesimama wapi. Siwezi kujifanya hofu hiyo ni ya kufikirika. Chama chochote kilichokatazwa mikutano ya hadhara kuanzia 2016 hadi Januari 2023 kinajua dola ikitaka kukutafuta inavyokutafuta. Kwa hiyo dai letu liwe kamili: kinachotangazwa angani kiwe namba ya droni na mahali ilipo tu. Jina na anwani zikae TCAA, zifunguliwe kwa amri ya mahakama. Wakiahidi usalama wa anga bila kuahidi hilo, vijana watazima vifaa, na tutakuwa tumerudi kwenye mizimu.

Tano, kanuni iwe moja kwa vyama vyote. Kama droni ya chama tawala inapiga picha uwanja wa Kwaraa Jumapili na yetu inazuiliwa Jumatatu kwa sababu ya usalama wa anga, basi hapo anga halina kosa lolote. Ni ubaguzi umevaa koti la usalama. Daftari la vibali liwe wazi kwa umma, tarehe na eneo, ili tulinganishe.

Na sisi je?

Sasa tuongee ya nyumbani. Tangu Mbowe azunguke nchi kwa helikopta kwenye kampeni za 2005, chopa imekuwa sehemu ya siasa zetu, na baadaye hata wenzetu wa upande wa pili wakaiga. Chopa ikitua, nyomi inakimbilia, na juu ya nyomi hiyo kuna droni tatu nne zinagombea picha ya kuposti. Rubani anashusha helikopta uwanjani, macho yake yapo kwenye vumbi, nyaya za umeme na watoto wanaokimbia. Hajui kama kuna droni nyuma ya mkia. Oktoba 2015 helikopta ilianguka Selous, ikamuua Deo Filikunjombe wa CCM na wote aliokuwa nao, katikati ya kampeni. Haikuwa droni, lakini ilitukumbusha kwamba chopa ya kampeni nayo ni ndege, na ikianguka haichagui chama.

Hatuwezi kuidai serikali utaratibu ambao sisi wenyewe hatuufuati. Napendekeza yafuatayo yaanze kwenye mkoa wetu bila kusubiri mtu:

- Mkutano mmoja, mratibu mmoja wa anga. Namba yake ya simu apewe rubani wa chopa kabla hajaondoka alikotoka.
- Chopa ikiwa dakika kumi kufika, droni zote chini. Zinabaki chini mpaka imezima injini. Wakati wa kuondoka, hivyo hivyo.
- Droni isikae juu ya vichwa vya watu. Picha ya umati inapigwa vizuri tu kutoka pembeni. Betri ikifa juu ya nyomi, kilo moja inamwangukia mtoto wa mwanachama wetu.
- Kila mwendeshaji awe na mwenzake wa kutazama angani na kusikiliza. Anayetazama kioo haoni ndege.
- Ukisikia injini na hujui inatoka wapi, shusha kwanza, uliza baadaye.
- Na kila mwenye droni anayefanya kazi za chama afuate usajili kwa utaratibu uliopo, hata kama ni mgumu. Ugumu huo tuuandike, tarehe kwa tarehe, tuupeleke kwa wabunge na kwenye vyombo vya habari kama ushahidi. Malalamiko ya kijiweni hayabadilishi kanuni.

Kuna watakaosema hili la droni ni dogo, tuna Katiba Mpya na Tume Huru za kudai. Mimi naona ni lile lile kwa sura ndogo. Tunadai sheria inayomtambua raia, inayomjibu kwa muda, inayompa sababu ikimkatalia, na inayomfunga mkubwa kama inavyomfunga mdogo. Anga la mita 120 juu ya Babati ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba tunajua sheria ya namna hiyo inafananaje, na kwamba tunaweza kuitii hata kabla hatujashika madaraka.

Mratibu wa kwanza wa anga napendekeza apatikane kwenye kikao kijacho cha vijana wa wilaya. Aje na daftari. Ukurasa wa kwanza tuandike droni zote tulizonazo, mwenye droni ni nani, na namba yake ya simu.